Alama Chini ya Sikio

"Rudisha hiyo kalamu ya kompyuta na kibao chake kwa boksi, ushike mausi kama watu wengine," dada yake Puok akafoka ndani ya studio yao ya picha, hadi maboda wa steji ya Munuki pale nje wakageuka.

"Mausi inakwaruza sura za watu. Kalamu inafuata mkono," Puok akamjibu kwa hasira.

"Basi mbona mkono wako umemchorea marehemu alama?"

Puok hakuwa amechora kitu. Alikuwa anasafisha tu picha ya marehemu ya kuwekwa matangani, iliyopigwa mwaka jana akiwa mzima, na kalamu ikajivutia yenyewe laini, mstari kama wa kovu, chini ya sikio. Akafuta. Ikarudi.

Mjane wa marehemu, aliyekuwa anangojea picha ya mumewe, akasogea hadi kwa skrini.

"Hapo ndipo walimshona hospitalini Jumapili, kabla akate roho," akasema polepole. "Nani alikuambia, mwanangu?"

Puok akafungua picha yake mwenyewe ya pasipoti, aliyoisafisha asubuhi na kalamu hiyohiyo. Akaivuta karibu. Kooni, pale ambapo hakuwahi kuumia, kulikuwa na laini nyembamba.

Akafuta. Ikarudi.

Akailaza kalamu taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Kalas, imetosha, dada. Tumia mausi."

Akafunga shati hadi kifungo cha juu kabisa, akatoka, akafunga mlango.