Redio ya Idarusi

Dalali aliinua redio ya mninga ili ukumbi mzima uione. "Ni moja tu duniani, na fundi wake ametangulia mbele ya haki. Fedha zote zitakwenda kwenye wodi ya wagonjwa wa figo."

Bi Raya, mama wa fundi huyo, alikaa safu ya nyuma. Ndiye aliyeitoa redio hiyo, kwa sababu mwanawe alihudumiwa vyema wodini humo hadi siku yake ya mwisho. Tangu aitoe, alikuwa akijuta.

Bei ilipanda hadi ikafikia ya nyumba. Aliyeshinda ni Bwana Shamte, mkusanyaji wa vitu adimu. Bi Raya akamfuata mezani.

"Baba, niruhusu niiwashe mara moja tu. Mwanangu Idarusi aliniahidi kwamba tutaisikiliza pamoja, naye hakuwahi."

"Niwie radhi, mama. Thamani yake ni kwamba haijawahi kuwashwa. Ikiwashwa, itakuwa redio kama nyingine."

"Kwani yeye alitengeneza nini, baba, kama si redio?"

Bwana Shamte alitoa kitambaa laini akaanza kuifuta, kisha akasita karibu na kitufe. "Doa gani hili?"

Bi Raya alilifahamu. Idarusi alikuwa ameigusa vanishi kabla haijakauka, naye akamgombeza kwa pupa yake. Alama ya kidole gumba cha mwanawe ilibaki pale, mistari yote ikionekana.

Bwana Shamte alisugua, lakini alama haikutoka. Akaipulizia pumzi, akasugua tena.