Samaki Asiyeguswa na Inzi

Ilisemekana kuwa samaki wa maboksi, wale wanaoletwa wakiwa wamegandishwa, hutiwa dawa ya kuhifadhia maiti, ndiyo maana inzi hawawagusi. Somoe, mkaanga samaki wa pale bandarini, alijaribu kuupuuza uvumi huo, lakini ulimganda kama kupe. Leo mumewe Makame alikuwa amerudi kutoka kuvua na samaki mmoja tu, tasi, maana meli kubwa zilikuwa zimekomba bahari yote. Wateja walikuwa wanasubiri. Akanunua boksi.

Alimlaza samaki mmoja wa boksi kwenye sinia, na yule tasi pembeni yake. Inzi wakamjaa tasi. Yule wa boksi wakamzunguka, wakamwacha.

"Ala! Huyo mnono hata inzi wanamwogopa," alitania Mzee Kheri, mteja wake wa kila siku. "Nikaangie huyo huyo, mwanangu."

Somoe akamtazama mumewe. Makame hakuinua macho kutoka kwenye wavu aliokuwa akiushona.

"Jiko likizimika leo, kesho wateja watakwenda kwingine," alinong'ona. "Mkaange."

Samaki akaingia, mafuta yakalia. Mzee Kheri akanawa mikono, akasema bismillahi.

Binti yao Tabu naye akaja na sahani yake. Somoe akainama sikioni mwake.

"Usile samaki asiyeguswa na inzi. Usile mwenye nyama ngumu kama mpira. Usile wa boksi usilojua limetoka wapi. Na leo, mwanangu, usile chochote jikoni kwa mama yako."