Nyumba ya Kubebeka

Kila kukicha Reverien aliihesabu nyumba yake. Alipanda ngazi, akapita ukuta kwa ukuta, kidole kikifuata namba alizochora kwa msumari upande wa ndani wa kila tofali. Yalikuwa elfu mbili na arobaini na sita, na yote yalikuwepo. Jumatatu moja alikuta tofali moja la kozi ya juu, ule mstari wa mwisho wa ukuta, limegeuka, namba yake inatazama nje. Akajilaumu kwa uzee, akaligeuza.

Mtaani kwao Kasulu walimjua kama mtu wa mazingira. Wenzake walichoma tanuri, gogo juu ya gogo, mpaka vilima vikabaki vipara. Yeye alifyatua matofali ya kufungamana kwa mashine ya mkono, udongo mwekundu na saruji kiduchu, akayaanika kivulini bila kuchoma hata kijiti. Kila tofali lilikuwa na vinundu juu na matundu mawili yaliyopenya mpaka chini, nalo lilikaa juu ya mwenzake bila kuungwa na kitu. Watu walitoka Buhigwe na Kitanga kuja kuiona nyumba hiyo, na Reverien, tuseme kweli, alipenda kusifiwa.

Mazingira ndiyo sababu aliyowaambia watu. Nyingine alibaki nayo moyoni. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Burundi, na kabla hajaota ndevu alikuwa ameshahamishwa mara tatu. Mara zote walibeba magodoro na masufuria, nyumba ikabaki. Sasa alikuwa raia, kitambulisho mfukoni, hati ya kiwanja sandukuni, lakini moyo wake ulikuwa bado haujapewa uraia. Aliapa kwamba safari ya nne, nyumba nayo itapanda gari. Mdogo wake alikuwa na shamba Kibondo, na nafasi ilikuwepo.

Kuta zilikamilika tangu Pasaka. Mabati hakuwa na haraka nayo, na mwezi wa tisa ulipoingia walikuwa bado wanaishi kwenye banda la nyuma. Mkewe, Maximilla, naye mtoto wa wakimbizi, alitaka lipu.

"Tupige lipu, Baba Uwimana. Tuonekane tumejenga."

"Oya, hapana. Saruji ni moshi wa viwandani. Tutaiharibu dunia."

"Ni kwa ajili ya dunia tu?"

"Dunia tu, mama."

Maximilla hakubishana. Aliomba saruji kidogo tu ya jiko banifu alilokuwa akilijenga mwenyewe nyuma ya banda, jiko la kula kuni mbili badala ya kumi. Mtu wa mazingira angekataaje? Siku ambazo Reverien alikwenda kuwafyatulia watu matofali, mkewe alikwenda dukani kwa Nurudini kupimiwa kilo tano.

"Shemeji anajenga jiko au nini?" Nurudini alimtania Reverien siku moja. "Msikiti wetu haukula saruji namna hiyo!"

Reverien alicheka. Mwanamke akijifunza ufundi, vingi huharibika.

Jumatatu ile ile ya tofali lililogeuka, chai ililetwa ndani ya sufuria.

"Birika liko wapi?"

"Limeziba."

"Birika linazibaje?"

"Linaziba tu. Kunywa chai."

Hakuwa na muda wa kuuliza zaidi, kwa sababu watu wawili walikuwa wamesimama kando ya kiwanja chake na kamba. Walipima, wakachomeka vigingi vyenye utepe mwekundu, wakaondoka. Mchana mtendaji wa mtaa alipita nyumba hadi nyumba kueleza kwamba ni mtaro wa bomba la maji, na hakuna atakayeguswa. Majirani walifurahi. Reverien akakosa usingizi siku mbili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa mara tatu.

"Hata kule tulikohamishwa walianza na kamba," alimwambia mkewe.

"Ni bomba, Baba Uwimana."

"Kamba ni kamba."

Jumatano asubuhi lori la Fuso alilolikodi likarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Reverien alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hata maneno alikuwa ameyapanga. Lakini Maximilla alitoka bandani na ungo wa maharage, akaketi kwenye kigoda, akaanza kuchambua. Hakuuliza gari ni la nini. Reverien akapanda ngazi haraka haraka.

Tofali la elfu mbili na arobaini na sita lilitoka bila shida.

"Unaona?" alipaza sauti. "Hakuna nyundo, hakuna vumbi! Jioni tunalala Kibondo!"

Akampa dereva la pili, la tatu, la kumi. Kozi yote ya juu ilishuka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kifua chake kikalegea. Akashika tofali la kozi iliyofuata. Halikutoka. Akalitikisa, akalivuta kwa mikono miwili mpaka ngazi ikayumba. Dereva akapanda upande wa pili, wakavuta wote wawili. Hata kutikisika halikutikisika.

Reverien akapangusa udongo uliofunika tundu, akachokonoa kwa msumari. Msumari ukapinda. Akahamia ukuta wa pili, kisha wa tatu. Kila tundu alilofungua lilikuwa limejaa saruji iliyokauka.

Akageuka polepole juu ya ngazi. Maximilla alikuwa bado anachambua maharage.

"Mpe dereva hela ya mafuta aende zake," alisema bila kuinua macho. "Nawe shuka, Baba Uwimana. Mimi nimeshafika."