Ndege wa Jengo la Vioo

Majani yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kupukutika, na ndege waimbaji walikuwa wakihama usiku kwa usiku. Alfajiri hiyo mhesabu ndege aliwahi kwenye jengo la vioo, ambako kwa miaka mitatu alikuwa akiandika: waliokufa kwa kugonga kioo, sifuri.

Alimkuta kaka yake, mfagizi wa jengo, ameshika ndoo ya ndege wadogo, wengine bado wana joto.

"Kaka, kumbe ni wewe unayewaondoa kabla sijafika?"

"Meneja alisema ukikuta hata mmoja, kibarua changu kitaota nyasi."

Dada mtu alichuchumaa, akawapanga sakafuni mmoja mmoja. Kumi na saba. Kalamu ikasita juu ya karatasi.

Kaka yake aliegemeza ufagio ukutani.

"Andika na wa jana," alisema. "Walikuwa arobaini na mmoja."