Mguu wa Besi

Vigelegele vya harusi vilishaanza ukumbini, na Zuwena bado alikuwa chumba cha nyuma, mchi wa kinu magotini, akiuchonga kwa kisu. Mumewe Mbarouk alipomwacha, aliuchomoa mguu wa chuma wa besi, ile fidla kubwa kuliko mtu, akaenda nao. Alijua besi bila mguu haisimami.

Akaujaribu kwenye tundu la chini ya besi. Ukagoma. Akachonga tena, akajikata, akanyonya kidole, akaendelea. Safari hii ukaingia. Besi ikasimama juu, kama alivyoipenda Mbarouk. Mikono ya Zuwena haikufika vizuri pa kupigia.

Akachukua msumeno.

“Shemeji, usiukate,” alisema Vuai, mdogo wa Mbarouk, mpiga ngoma ya dumbaki. “Hicho ndicho kimo cha kaka. Akirudi je?”

“Na leo anapiga nani?”

Zuwena akakata kwa kimo chake, akampa Vuai kile kipande.

“Akirudi, mpe hiki.”

Akaibeba besi, akatoka. Vuai akabaki na kipande cha mchi mkononi, hajui akiweke wapi, na huko ukumbini besi ikaanza kunguruma bila kumngoja.