142857 Mimbarini

Jumapili ya tatu ya matangazo ya ndoa, Mchungaji Muthama alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Mzee Muli alipanda mimbarini na ubao wa sandeskuli kwapani. Kanisa zima la Kasikeu likaguna. Pingamizi kutoka kwa baba wa bibi harusi!

Muli hakumtaka bwana harusi, Jonah, mwalimu wa hesabu kule Matiliku, kijana anayecheka hata wakati wa maombi. Sababu nyingine hakuwa nayo. Basi majuzi, akinywa chai, alimwamuru binti yake, "Muthoki, nitafutie namba ya kitambulisho cha huyo mwalimu wako. Shetani hujificha kwenye namba."

"Sawa, baba."

Hata chai haikuwa imepoa, Muthoki akamletea namba kwenye karatasi, pamoja na miwani yake kutoka lile sanduku la bati ambamo mzee hufungia vitu vyake vya maana. Mtoto mtiifu, jamani!

Sasa Muli, aliyekuwa karani wa mizani ya pamba, aliandika ubaoni: 142857.

"Zidisha mara mbili," alisema. "285714. Mara tatu, 428571. Mara nne, 571428. Mnaona? Tarakimu ni zilezile, zinazunguka tu! Mara tano, mara sita, zilezile! Namba gani ya Mkristo inatangatanga hivi?"

"Ngai!" akasema mama mmoja.

"Ngoja kwanza. Sasa mara saba." Chaki ikalia. "999999. Haya, tazameni!"

Akaugeuza ubao juu chini. 666666.

Hapo hapakutosha. Akina mama walipiga mayowe, shemasi akaangusha sahani ya sadaka. Jonah peke yake ndiye alikuwa anacheka, mkono mdomoni.

"Cheka tu, wewe!" Muli alisikia raha mpaka magotini. Miaka ishirini ya uzee wa kanisa, na watu walikuwa wakisinzia kila akifungua mdomo. Leo hata watoto walikuwa macho. "Mchungaji, tupige kura! Mwenye namba hii asikanyage tena mimbari hii, wala asiwe na neno lolote juu ya ndoa hii!"

"Wanaokubali?"

Mikono yote iliinuka. Ya Muli ilikuwa miwili.

"Imepita," alisema mchungaji. "Lakini hatuhukumu mtu kwa karatasi. Kitambulisho chenyewe kiko wapi?"

Muthoki alisimama, akatoa kwenye kiondo chake kitambulisho kilichofungwa kwa nailoni. Mchungaji alikifungua, akalinganisha namba na ile ya ubaoni, tarakimu moja moja. Ni yenyewe. Kisha akaitazama picha. Akamtazama Muli, akaitazama tena.

"Mzee Muli," alisema taratibu, "hebu shuka mimbarini."