Tuta la Shomvi

Tangu mwanawe Shomvi afariki, Bi Zuhena ndiye aliyekuwa akiumwagia maji uwanja wa udongo, kutuliza vumbi, kabla vijana hawajashindanisha vigari vyao vya rimoti. Tuta la kurukia, Shomvi alilifinyanga kwa mikono yake.

Leo alikuta tuta limesawazishwa, pamemwagwa zege.

"Siku hizi viwanja vya vigari vina sehemu za udongo na sehemu za zege, mama," alisema Sefu, kiongozi wa vijana. "Pumzika sasa. Hapa hapahitaji maji."

"Zege jipya hunyweshwa, baba, lisije likapasuka. Nani atalinywesha?"

Sefu akasogea kumpisha.

Bi Zuhena akamimina ndoo taratibu, kama kawaida yake. Maji hayakuzama. Yalitambaa juu ya zege hadi ukingoni, yakawa yanautafuta udongo.